Aliyekuwa wa zamani, sasa ni wa lini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekutana na sentensi hii: "Aliyekuwa mchezaji wa zamani wa ragbi wa Ireland, Tony O'Reilly, alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 88." Je, tuandike ragbi au raga? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Andika raga. Inatokana na "rugger", lakabu waliyoibuni wanafunzi wa Uingereza kwa mchezo wenye jina la mji wa Rugby, nasi tumeizoea hivyo. Ukishikilia ragbi, sikugombezi.

Ila umeniuliza sisimizi, chatu umemruka. "Aliyekuwa" na "wa zamani" katika pumzi moja! "Aliyekuwa" imeshasema mambo yamepita. "Wa zamani" nayo inasema yaleyale. Ukizifunga pamoja, unatuambia mtu alikuwa wa zamani, sasa si wa zamani tena: karudi uwanjani. Mtu akinitambulisha kwa "aliyekuwa mtalaka wangu", mimi nampa hongera na kuuliza pilau ya kurejeana ililiwa lini.

Tatizo ni kwamba kwa O'Reilly mwandishi wako kabahatisha. Kijana huyu wa Dublin, winga, aliichezea Ireland mara ya kwanza Januari 1955 akiwa na miaka 18. Mwaka uleule akaenda Afrika Kusini na Simba, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland. Katika ziara mbili, hiyo na ya 1959, alifunga trai 38 (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani), na hakuna Simba aliyemfikia hadi leo. Baada ya 1963 Ireland ikaacha kumwita. Hakulia njaa: ndiye aliyeipeleka sokoni siagi ya Kerrygold, kisha akaingia Heinz, wale wa maharage ya kopo. Hapo tukubaliane: mchezaji wa zamani.

Februari 1970 winga mmoja akaumia, Ireland ikamkumbuka. Akafika mazoezini ndani ya gari la kifahari, dereva wake kashika usukani, na Jumamosi akavaa jezi pale uwanja wa Twickenham, London, dhidi ya England, umri miaka 33. Walifungwa 9-3. Lakini kwa dakika zile 80, ndugu yangu, alikuwa kweli kabisa aliyekuwa mchezaji wa zamani! Filimbi ya mwisho ikamrudisha kwenye uzamani wake, na mechi yake ya 29 ikawa ya mwisho.

Kama habari yako si ya Jumamosi ile, chagua moja: "mchezaji wa zamani wa Ireland", au "marehemu Tony O'Reilly, aliyekuwa winga wa Ireland".

Nimewaandikia wahariri wa michezo kuhusu jambo hili hadi wino umeniishia. Mmoja alinijibu kwa adabu zote, akaanza: "Kwako aliyekuwa mwalimu wangu wa zamani." Nimemsamehe. Huenda anataka nirudi darasani.