Maswali kwa Fundi: Tangi la oili likae wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi Ludwigsburg, Ujerumani, huu mwaka wa 9. Nimenunua Porsche 914 ya 1973 iliyokuwa na injini ya silinda nne. Injini ile nimeshaitoa, na nimepata ya silinda sita, lita 2.4, iliyotoka kwenye Porsche 911. Naelewa kwamba hii haiweki oili tumboni mwake, inataka tangi la pembeni. Tangi halisi la 914/6, ile 914 iliyotoka kiwandani na silinda sita, bei yake imenishinda. Jamaa mmoja ananiuzia tangi la mtumba la 911. Mwingine ananishauri nitengenezeshe la alumini nilifunge kwenye buti la mbele, kwa kuwa huko nafasi ipo na uzito wa gari utasawazika. Nichukue lipi, na nilifunge wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujakata bati. Nilifanya kazi kwenye karakana huko huko Ujerumani miaka 11 kabla sijarudi Mombasa, na magari kama lako tulikuwa tukiletewa yakiwa yameshakatwa, mwenyewe ameshika kichwa. Tangi usiliweke buti la mbele. Nitakueleza kwa nini, na ukishaelewa hapo, mengi yaliyobaki utayaamua mwenyewe.

Injini ya 911 ina pampu mbili zilizounganishwa, zimekaa ndani kabisa, chini ya krankishafti, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni. Ya kwanza inakusanya oili iliyodondoka chini na kuirudisha kwenye tangi. Ya pili inavuta oili kutoka kwenye tangi na kuisukuma kwenye beringi zinazobeba krankishafti. Ile ya kurudisha imefanywa kubwa kuliko mwenzake makusudi, ili tumbo la injini libaki kavu. Kwa hiyo inazoa oili pamoja na hewa, na kinachofika kwenye tangi ni povu. Tangi ndilo linalolipa povu hilo muda wa kutulia, hewa ipande na oili ishuke.

Sasa tazama mabomba. Bomba la kurudi lina pampu inayosukuma kwa nyuma, hata likiwa refu oili itafika. Bomba la kuvuta halina msukumaji. Oili inaingia kwa uzito wake na kwa mvuto wa pampu basi, na oili ya baridi ni nzito kama asali. Bomba hilo likiwa refu, jembamba, au likiwa na kona kali, pampu inaanza kunyonya hewa na beringi zinakosa chakula. Ndiyo maana mimi husema: anza na bomba la kuvuta, tangi lifuate lilipo bomba. Wengi huanza na nafasi tupu waliyoiona, halafu bomba wanalitafutia njia baadaye.

Tuliwahi kuletewa 914 nyeupe yenye tangi mbele, kama unavyoshauriwa wewe. Mwenyewe alilalamika taa ya oili inachelewa kuzimika. Tulipima bomba la kuvuta: zaidi ya mita 3, limepita chini ya sakafu kwenye upepo. Gari lililala nje, na ilikuwa Januari. Asubuhi nikaliwasha huku nahesabu kwa sauti. Nilifika 11 taa ndiyo ikazimika. Tulipofungua injini, beringi kuu zilikuwa zimelika uso wa kijivu mpaka rangi ya shaba imejitokeza, na ukipitisha ukucha unakwama kwenye mikwaruzo. Injini ile ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa msimu uliotangulia tu. Yule bwana alikaa kwenye kibao cha karakana hasemi kitu, na sura yake ninayo mpaka leo.

Kabla ya hapo alikuwa ametuambia kwamba 914/6 GT za mashindano, kama ile iliyoshinda daraja la GT kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1970, zilikuwa na mabomba ya oili yanayokwenda mbele. Ni kweli, lakini kilichokuwa mbele ni rejeta ya oili. Rejeta imekaa kwenye njia ya kurudi, inayosukumwa. Ukitaka rejeta ya mbele, weka bila wasiwasi. Ama huo uzito unaosawazishwa, lita 10 za oili ni kama kilo 9. Begi la nguo kwenye buti la mbele litakufanyia kazi hiyo hiyo.

Haya, liende wapi? Chora injini yako kwenye karatasi. Kwenye 911 injini iko nyuma kabisa na giaboksi imeelekea mbele. Kwenye 914 injini iko nyuma ya viti na giaboksi imeelekea nyuma. Yaani injini ile ile imegeuzwa, na mkono wake wa kulia umekuwa wa kushoto. Kwenye 911 ya 1973 tangi liko kulia, nyuma ya tairi, na mdomo wa injini wa kuvutia oili uko upande huo huo. Ukiigeuza injini, mdomo unahamia kushoto. Ndiyo maana 914/6 za kiwandani tangi lake lilifungwa upande wa kushoto wa chumba cha injini, bomba la kuvuta likawa fupi kabisa. Na wewe nenda huko. Sehemu ya kutokea oili kwenye tangi iwe juu ya mdomo wa injini au angalau isawazike nao, bomba liwe pana kiasi cha kidole gumba kuingia, na liwe la aina yenye waya ndani ili lisibanwe na mvuto wa pampu. Nimeona hozi nzuri kwa macho, lakini injini ikiwaka inajikunja kama mrija wa soda. Uliache na ulegevu kidogo pia, maana injini inacheza kwenye mipira yake na tangi halichezi.

Buti la nyuma ni afadhali kuliko la mbele, ila nalo silipendi. Gari likigongwa nyuma, tangi lenye oili ya nyuzi 90 na zaidi linakuwa la kwanza kupasuka, na ekzosi iko hapo chini.

Tangi la mtumba la 911 ni zuri, ila kwa 911. Mgongo wake umepindwa kufuata madigadi ya gari lile, upande wa kulia. Ukilipeleka kushoto kwenye 914 utakata bati jingi na bado litakaa kombo. Na hata likikaa sawa, nina neno zito kuhusu tangi lolote la mtumba. Ulizia injini iliyokuwa nalo ilikufaje. Beringi ikivunjika, vipande vyake hurudi na oili. Filta imekaa hapo hapo kwenye tangi, lakini ikiziba oili hupita pembeni, na vipande hujificha nyuma ya bati za ndani zinazozuia oili isiyumbe kwenye kona. Ukitazama kwa mdomo wa juu unaona pasafi.

Mimi tangi la mtumba nalijaza dizeli robo, nalitikisa, nalilaza kila upande, kisha namwagia kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichotandazwa kwenye beseni. Narudia mpaka kitambaa kitoke bila doa. Sumaku haitoshi, maana vumbi la beringi na alumini haligusi. Mara moja nilimwaga mara 5 kitambaa kikawa safi, nikaridhika, halafu mkono ukateleza tangi likaanguka sakafuni. Nikamwaga tena kwa hofu tu. Kikatoka kipande cha pete ya pistoni, urefu wa punje ya mchele. Tangu siku ile, tangi la injini iliyovunjika nalikata, nalisafisha kwa brashi, nalichomelea upya. Vinginevyo silifungi.

Kwa hiyo chukua la alumini, ila lichorwe na anayejua. Liwe refu jembamba. Tangi bapa likiingia kona, oili yote hukimbilia upande mmoja na kuacha tundu la chini wazi. Oili inayorudi iingie juu, kwa ubavu, ili izunguke ukutani kama maji ya kwenye ndoo iliyokorogwa. Kule kuzunguka ndiko kunakokamua hewa. Katikati kuwe na bati zenye matundu, chini kuwe na umbo la faneli. Juu kabisa pawe na bomba la kupumulia linalokwenda kwenye kichupa cha kukingia, chenye mfuniko, si kuachwa lining'inie juu ya ekzosi.

Ukubwa: injini yako inataka kama lita 10 kwa mfumo wote, na sehemu yake hukaa ndani ya injini, filta na mabomba. Tangi libakiwe na hewa kama theluthi. Kipenyo cha sentimita 18 na kimo cha 45 kinakupa lita 11 na kidogo. Kimo hicho kisipoingia, kipenyo 20 na kimo 36 ni karibu sawa, ila sitashuka zaidi ya hapo.

Kabla hujamlipa mchomeleaji, tengeneza tangi la boksi. Kata katoni, zungushia gundi ya karatasi, lifunge mahali pake, rudisha injini, funga tairi. Zungusha usukani, bonyeza gari chini mpaka springi zikae. Mkono wako uingie kufungua filta? Kijiti cha oili kinatoka bila kugonga kifuniko cha injini? Faneli ya kumiminia inakaa? Boksi likichanwa na tairi hujapoteza kitu. Sisi huku Mombasa tulipokuwa tukiandaa 911 za Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003, tulijifunza pia kwamba tangi lililo karibu na tairi linataka ngao. Mawe yalikuwa yanalipiga mpaka linabonyea. Bati la alumini la milimita 3, limeachana na tangi kwa upana wa kidole, na mpira katikati kwenye mikanda ya kufungia. Usilichomelee tangi moja kwa moja kwenye bodi, litapasuka kwenye mshono kwa mtetemo. Na kati yake na mabomba ya ekzosi weka bati la kukinga joto.

Likija limekamilika, lijaze maji usiku kucha juu ya karatasi kavu. Likishakauka vizuri, funga mahali pake na umimine oili lita moja moja kwa kipimo, ukikwaruza alama kwenye kijiti kila lita. Ni kazi ya nusu saa, na hutapata nafasi nyingine ya kuifanya kwa uhakika namna hiyo.

Mambo mawili ya bodi. Ukiwa umeinama humo, tazama upande wa kulia, chini ya betri. Tindikali ya betri na maji ya mvua huoza pale kwenye 914 karibu zote, na bati linalooza ni la kubeba gari. Toboa kwa bisibisi. Ikizama, tengeneza hapo kwanza, tangi lisubiri. Pili, ukilazimika kukata bati la ndani la madigadi, nenda na mchoro wako kwa mkaguzi wa TÜV, shirika linalokagua magari huko Ujerumani, kabla ya kukata. Niliwakuta wasikivu sana kwa mtu anayekuja na karatasi, na wagumu kwa anayekuja na gari lililokwisha.

Siku ya kuwasha, jaza tangi, kisha legeza bomba la kuvuta pale kwenye injini mpaka oili itoke bila mapovu, ndipo ukaze. Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Isipopanda, usiwashe. Niandikie, tutatafuta hewa inapoingilia.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Porsche 911 SC hapa Nairobi. Kila asubuhi nikipima oili kijiti ni kikavu. Juzi nimeongeza lita 2, na sasa linatoa moshi wa buluu mpaka majirani wanatoka nje. Injini imekwisha?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nadhani injini ni nzima, umeijaza kupita kiasi. Gari likilala, oili ya kwenye tangi huvuja taratibu kupitia pampu na kukaa chini ya injini, hivyo kijiti cha asubuhi hakisemi kweli. Kwenye 911 oili hupimwa injini ikiwa ya moto kabisa, inaunguruma taratibu, gari liko tambarare. Ukizima tu, kipimo kimeharibika. Liendeshe kama dakika 20, kisha pima hivyo. Oili iwe kati ya alama mbili. Umbali baina yake haufiki lita 2, kwa hiyo lita 2 kwa mkupuo zilikuwa nyingi hata kama lilipungua kweli. Iliyozidi hupanda kwenye bomba la kupumulia na kuingia njia ya hewa, ikaungua. Punguza mpaka kati ya alama, kisha fungua sanduku la filta ya hewa ulifute na ubadilishe filta kama imelowa. Moshi unaweza kuendelea siku chache mpaka oili iliyobaki kwenye ekzosi iishe kuungua.