Mama atamkabidhi nani mwanawe?

Swali la wiki hii lauliza: ni nini kitakachowarudisha vijana wa Pwani waliojiunga na Al-Shabaab? Wengi mtajibu ajira, nami sibishi. Ila hapa Majengo, Mombasa, anayejua kwanza kuwa kijana ameharibika ni mamake, na hatujampa pa kwenda.

Akaripoti polisi? Mama huyo anakumbuka. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuwavuta vijana kwa Al-Shabaab, alimiminiwa risasi garini akiwa na mkewe. Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Ismail akauawa vivyo hivyo. Aprili 2014 ikawa zamu ya Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Wengi waliwashuku polisi, nao wakakana kuhusika. Mahubiri ya Rogo na Makaburi siyatetei hata kidogo. Yamewatia akina mama wengi msibani. Lakini wote wawili walikuwa na kesi, na kesi ingetuonyesha ushahidi hadharani, vijana wakausikia. Badala yake wafuasi wao walipata mashahidi wa dini wa kuwalilia, na mama akapata sababu ya kunyamaza.

Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, serikali ilitangaza msamaha kwa watakaojisalimisha. Wazo zuri mno. Lakini muda wa kwanza ulikuwa siku 10! Kijana yuko msituni Somalia, na Al-Shabaab humuua anayetoroka. Siku 10 atafika wapi? Tena lilikuwa tangazo la waziri tu. Waziri hubadilika, na afisa wa kituoni halazimiki kulitii kama sheria.

Jibu langu basi ni sheria ya Bunge, isiyo na siku ya mwisho. Iseme kijana atapokelewa wapi, mbele ya wakili na mtu wa kwao. Iseme makosa yapi yanasamehewa. Aliyeua asisamehewe, ashtakiwe, maana wafiwa wa Garissa na wa shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002 nao wana haki yao. Anayeshikwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kama Katiba inavyotaka katika kifungu cha 49. Na jina la mama aliyeripoti lisitajwe popote, wala polisi wasiende mlangoni kwake na magari yao mtaa mzima ukitazama.