Wimbo uliokaa daftarini miaka miwili

Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Umesema wimbo wako wa shukrani una kiitikio na beti tatu tangu miaka miwili iliyopita, ila kila ukifika sauti ya tatu, yaani tena, unafuta na kuanza upya, kwa sababu hauwi kama unavyousikia moyoni.

Nakuelewa sana. Mimi nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Siku moja mpiga kinanda wetu alichukua daftari, akaandika noti ubaoni zilivyo, do re mi zangu zote, kwaya ikaimba. Mstari niliouonea aibu ulipita vizuri kabisa. Kilichokwama ni besi, sauti nzito ya wanaume: nilikuwa nimewashusha mno, wazee wakabaki wanapumua tu. Hilo nisingeligundua mezani hata kwa miaka kumi.

Mtunzi Handel alimaliza kutunga Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya, kwa siku 24 mwaka 1741, kisha akaendelea kuibadilisha kufuatana na waimbaji aliowapata. Alimaliza kwanza.

Kwa hiyo funga sauti ya tatu wiki hii, hata kwa noti nyepesi, toa kopi, upeleke mazoezini. Kabla ya hapo sali, umkabidhi Mungu wimbo kama vipaji vya Misa. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi harudi nao nyumbani kwa sababu ndizi moja ina doa. Anafika altareni, anaukabidhi, anarudi kukaa.

Na mazoezini nenda na penseli, mwalimu. Waache waimbe mpaka mwisho ndipo uandike.