Kugawa chakula mtaani huku mama ana kisukari nyumbani

Pole, dada. Nimekuelewa: kanisani kwenu Nairobi mnalisha familia za mitaani, lakini unaogopa kumpelekea mama yako korona, naye ana kisukari. Hofu hiyo si ubinafsi.

Mimi ningekuhamishia jikoni. Kufunga githeri kwenye vibakuli kunahitaji watu pia, na hukutani na umati. Kugawa waachie vijana wasioishi na wazee. Ukilazimika kwenda, vaa barakoa, na ukirudi nawa na ubadili nguo kabla ya kumsalimia mama.

Foleni ndiyo iliyotutesa sisi. Chora alama za chaki, mita moja na nusu hivi, na aliye mbele atoke upande mwingine. Mwanzoni mwa foleni weka kibuyu chirizi (kidumu kinachochuruzisha maji ya kunawa) na sabuni. Kitakasa mikono ashike mhudumu mwenyewe, maana kina pombe. Chupa yetu ya kwanza ilinyweka siku hiyohiyo! Tena mwaka 2020 sisi tulianza saa nane mchana. Kafyu wakati huo ilianza saa moja jioni, na asiye na nyumba hakuwa na pa kukimbilia askari wakija.

Mtu akikohoa usimfukuze. Mpe barakoa na chakula chake, akae pembeni penye hewa, kisha pigeni 719, nambari ya Wizara ya Afya. Akihema kwa shida, hospitali moja kwa moja.

Na wewe ukipata homa, usiende hata jikoni. Dawa za mama je, zinatosha mwezi mzima? Muulize daktari wake akuandikie za ziada.