Mwaka Mpya wa Kichina: samaki, bahasha na ufagio

Mbona tarehe yake haitulii? Mwaka 2025 ilikuwa Januari 29, mwaka 2026 Februari 17.

Wanafuata mwezi mwandamo, kama tunavyoungoja sisi kwa Ramadhani. Ila Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka mpaka izunguke misimu yote, wao kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13. Kwa hiyo sikukuu haitoki kati ya Januari 21 na Februari 20.

Bosi wangu Mchina amenialika chakula cha mkesha. Niende na nini? (Msomaji, Kariakoo)

Umeheshimiwa kuliko unavyodhani. Mkesha ndio sikukuu yenyewe. Fataki na ngoma za simba ni mapambo tu. Kwa ajili ya mlo huo mmoja, treni za China hufurika watu wanaorudi kwao.

Beba machenza, idadi yake igawanyike kwa mbili, lakini yasiwe manne: kwao "nne" hutamkwa karibu sawa na "kufa". Saa ya ukutani usithubutu, maana kumpa mtu saa husikika kama kumsindikiza kaburini.

Mezani ataletwa samaki mzima, kichwa na mkia. Kichwa huelekezwa kwa mkubwa au mgeni wa heshima, na wengine husubiri huyo aanze. Usimmalize hata kama ni mtamu kiasi gani. Samaki na "ziada" ni matamshi yaleyale, hivyo hubakizwa ili mwaka uanze na akiba. Bosi akiwa mtu wa kaskazini utakula pia jiaozi, kama sambusa ndogo za kuchemsha. Tafuna taratibu, kuna familia huficha sarafu ndani ya mojawapo, na atakayeiuma ndiye mwenye bahati.

Bahasha nyekundu nani humpa nani?

Mkubwa humpa mdogo, aliyeoa humpa asiyeoa, bosi huwapa wafanyakazi. Noti ziwe mpya. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili na usifungue mbele ya aliyekupa. Tangu 2014 wengi hutumiana kwa simu, kupitia WeChat. Ni rahisi, ila kwangu utamu umepungua.

Ni kweli hawafagii?

Siku ya kwanza, hawafagii, wasije wakaitoa bahati nje. Nyumba husafishwa kabla. Mnamo tarehe 23 au 24 ya mwezi wao wa 12 humuaga mungu wa jiko, anayepanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba. Picha yake hupakwa peremende ya kunata mdomoni, aseme mazuri tu, au midomo igandamane asiseme kitu. Kisha huichoma. Kwetu hiyo tungeiita rushwa.

Fataki bado zipo?

Vijijini zipo. Beijing ilizipiga marufuku katikati ya jiji mwaka 2018, kwa sababu ya moshi na ajali.

Sherehe huisha lini? Nina mzigo Guangzhou.

Kimila ni siku ya 15, sikukuu ya taa. Lakini wewe hesabu viwanda: vingi hufungwa wiki mbili au zaidi, na mafundi wengine huchelewa kurudi kutoka kwao. Lipia na usafirishe kabla ya katikati ya Januari, la sivyo mzigo utausubiri hadi Machi.