Kujua kama mgonjwa wa presha anameza dawa kweli

Ndugu, umesema ukiwauliza wagonjwa wako wa presha kama wanatumia dawa, wote wanaitikia ndiyo, ila vipimo havishuki. Swali lenyewe linawabana. Nani atamwambia mhudumu hapana? Anza hivi: "Watu wengi hupitiwa. Siku saba zilizopita, ulikosa dozi mara ngapi?" Kisha nyamaza, msubiri ajibu.

Halafu hesabu vidonge. Aliyepewa 30 vya kimoja kwa siku, akarudi baada ya siku 28 na vidonge 8, amemeza 22, yaani asilimia 79. Kwa kawaida mstari huwekwa kwenye asilimia 80; aliye chini ya hapo huhesabiwa kuwa hamezi dawa ipasavyo. Usimtangazie kwamba utahesabu, maana wapo wanaomwaga vilivyobaki. Tarehe za kuchukua dawa nazo zinasema mengi.

Ukitaka dodoso, mimi napendelea Hill-Bone: maswali 14, na linagusa chumvi na mahudhurio ya kliniki pia, si vidonge tu. Kupima dawa kwenye mkojo ni kuzuri lakini ghali, tena wengine humeza siku ya kliniki tu.

Presha ikibaki juu usikimbilie kumlaumu. Huenda anameza vizuri, dozi ndiyo ndogo.