Jirani anataka kuangusha miti yote kwa ploti yake, tufanyeje? (jibu langu, Nairobi)

Umeuliza kama mtu akinunua ploti anaweza kukata miti yote kwa vile ni yake. Hapa Nairobi hapana, lazima awe na kibali cha kaunti. Mimi nimepitia hii maneno Kileleshwa kwa hivyo wacha nikwambie vile ilienda.

Tuliamshwa na pawasoo Jumamosi hata saa moja haijafika. Ploti ya jirani ilikuwa imeuzwa, bangalo ya zamani inabomolewa waweke magorofa, na ndani kulikuwa na jakaranda, magrevilia na mugumo mmoja mkubwa ambao shosho wa nyumba ya kona anasema aliukuta hapo akihamia. Kabla tuvae viatu jakaranda mbili zilikuwa zimelala chini. Tukaomba kuona kibali, foremani akatoa karatasi bila wasiwasi wowote na karibu turudi nyumbani, mpaka shosho akavaa miwani akaisoma yote: ilikuwa risiti ya kulipia maombi! Shika hapo sana ndugu yangu. Kulipia maombi si kupewa kibali, afisa wa mazingira anafaa kuja kwanza aone miti yenyewe ndio aamue.

Tukasimama kwa geti, wamama wengine na watoto mgongoni, tukapiga picha ya kila mti na kila kisiki. Kaunti simu haishikwi kwa sababu ni wikendi, na siamini hata kidogo kwamba hio kazi ilipangwa Jumamosi kwa bahati tu. Jumatatu tukapeleka barua na picha, Jumatano afisa akaja. Kibali kilipotoka kilikuwa cha miti 4, na wao walikuwa wameshapaka rangi nyekundu miti 11. Mugumo haukuwa kwa hio list. Uko mpaka leo, upande mmoja umekatwa matawi lakini ndege wamerudi.

Sasa kama anajenga magorofa kuna mlango mwingine, NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira. Wale watu wa kutathmini athari za mazingira huwa wanaletea majirani fomu ya maswali, na wengi wetu tunasaini tu ili mtu aende zake. Usifanye hivyo, andika miti iko mingapi na ya aina gani. Leseni ikitoka na hamjaridhika, kuna National Environment Tribunal (baraza la rufaa za mazingira) na muda wa kukata rufaa ni siku 60, usilale. Katiba pia iko na wewe, kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara.

Kuna wenye watakwambia marufuku ya kukata miti iliondolewa 2023 so kila mtu yuko huru. Ile ya Februari 2018 ilikuwa ya misitu ya umma na ya jamii, haina uhusiano na kibali cha ploti ya mtu hapa taoni. Na wakisema kelele ya wakazi haisaidii, waulize mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands. 2020 ulikuwa uondolewe kwa ajili ya Expressway, watu wakapaza sauti mpaka Rais Kenyatta akaamuru ubaki, na barabara ikajengwa vilevile.

Lakini muulize jirani yako kwanza, kwa heshima, pengine mti umeoza. Mimi mwenyewe nilikuwa na grevilia imeinamia tangi la maji la jirani, nikaomba kibali, afisa akaona shina liko na shimo, nikapewa. Nilipanda mingine mitatu hapo hapo.

Umesema mafundi wanakuja wiki ijayo na Jumatatu ni holide. Nenda kaunti kesho asubuhi na barua na picha, hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.